Laini ya pili inawaka, mtandao bado mzito: kutatua matatizo ya ruta inayojiongezea laini

Nilipomwamkia mama mwenye steshenari pale Mwanga, Kigoma, hakunikaribisha kiti kama siku zote. Alininyooshea kidole foleni. Vijana kumi na kitu, bahasha za kaki mkononi, wanasubiri kujaza maombi ya mkopo wa chuo, na kompyuta nne zote zimebaki na kile kiduara kinachozunguka bila kufika. "Fundi, laini ya pili nailipia, na taa yake naiona inawaka. Sasa inafanya kazi gani?"

Pale dukani kuna ruta moja ya MikroTik na modemu mbili za 4G za mitandao tofauti. Laini ya kwanza ni ya kulipia kwa mwezi, haihesabu GB. Ya pili ni ya bando. Ruta iliwekewa skripti, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe: laini ya kwanza ikielemewa, ya pili iingie kazini yenyewe, mzigo ukipungua, itoke, bando lisiliwe bure. Wengi wamefunga hivi, Kigoma na hata Tabora, na wengi wananipigia simu kwa malalamiko yanayofanana. Nimeyapanga hapa kwa dalili, jinsi mteja anavyozisema, si jinsi vitabu vinavyoziita.

Ujanja wenyewe ulikotoka

Laini kujiongeza yenyewe ni jambo la zamani kuliko 4G. Kwenye ISDN, ile simu ya kidijitali iliyopita kwenye nyaya za shaba, laini ya ofisi ndogo ilikuwa na njia mbili za kubeba data, kila moja kbps 64, na njia ya tatu nyembamba ya kbps 16 kwa ajili ya kupiga na kukata simu. Ukiziunganisha zile mbili unapata kbps 128. Kazi ya kuunganisha ilifanywa na PPP ya viungo vingi (PPP ni lugha ambayo ncha mbili za laini huzungumza), ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1996 katika waraka uitwao RFC 1990 (hiyo 1990 ni namba ya waraka, imewachanganya wengi). Mwaka 1997 ikafuata RFC 2125, iliyozipa ncha mbili za laini namna ya kuulizana: niongeze njia? nipunguze?

Kuulizana huko kulikuwa na sababu ya pesa. Njia ya pili ilikuwa simu ya pili, na dakika zake zinalipiwa. Ndiyo maana kwenye Windows 2000 ungekuta kidirisha kinachosema: piga njia nyingine kama matumizi yamefika asilimia 75 kwa dakika 2, ikate kama yameshuka hadi asilimia 10 kwa dakika 2. Ruta za Cisco zilihesabu mzigo kwa kipimo cha 1 hadi 255, hivyo 128 ni nusu, na wastani wake usipoguswa ni wa dakika 5.

Skripti nyingi ambazo mafundi tunarushiana WhatsApp zimebeba fikra hiyohiyo: asilimia kadhaa, dakika kadhaa. Kwa ISDN fikra ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu njia yake haibadiliki. Ni kbps 64 alfajiri, ni kbps 64 saa mbili usiku. Laini ya 4G haina tabia hiyo, na karibu nusu ya yanayofuata yanaanzia hapo.

Kabla hujagusa kitu

Chomoa laini moja, pima nyingine peke yake. Kisha geuza. Fanya hivyo asubuhi, mchana na saa mbili usiku, uandike kwenye karatasi: kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na ping, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi. Ukipima laini zote mbili zikiwa pamoja hujapima chochote, na ukipima mara moja tu umepima saa hiyo tu. Mimi karatasi hiyo naibandika ukutani nyuma ya ruta, kwa sababu fundi atakayekuja baada yangu huenda ni mimi mwenyewe, nikiwa nimesahau.

"Taa inawaka lakini haisaidii": laini ya pili haiingii kazini saa ya foleni

Hili ndilo lililokuwa pale Mwanga. Taa ya modemu inakwambia modemu imeshika mnara, basi. Haikwambii kama ruta inaituma popote. Fungua ruta, tazama upande wa laini ya pili ni kiasi gani kinapita. Pale dukani kilipita karibu sifuri, foleni ikiwa mlangoni.

Karatasi ya ukutani ilieleza yote. Asubuhi laini ya kwanza ilitoa Mbps 18. Aliyeandika skripti alichukua asilimia 75 ya hizo, akaweka kizingiti Mbps 13.5. Saa kumi jioni, mji mzima uko kwenye mnara uleule, laini hiyohiyo inatoa Mbps 5. Imejaa hadi shingoni, watu wanalalamika, lakini ruta inaona Mbps 5 na inajisemea: bado sana hadi 13.5. Kadiri laini inavyozidi kubanwa ndivyo kizingiti kinavyozidi kuwa mbali. Skripti ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa asubuhi, wakati hakuna aliyeihitaji.

Dawa ni kuacha kuuliza "kinapita kiasi gani" na kuanza kuuliza "kinachelewa kiasi gani". Laini iliyoelemewa inajitangaza kwa ping, iwe imebanwa kwenye Mbps 18 au Mbps 5. Pale dukani ping ya kawaida ilikuwa milisekunde 45. Saa ya foleni ilipita 600. Niliandika upya hivi: kila sekunde 20 ruta inatuma ping tano kupitia laini ya kwanza. Wastani ukizidi milisekunde 250, au ping mbili zikipotea, inahesabu alama moja mbaya. Alama tatu mfululizo, laini ya pili inaingia. Yaani dakika moja ya kubanwa, si kikohozi cha sekunde mbili. Kwenye RouterOS (programu inayoendesha ruta za MikroTik) toleo la 7, Netwatch, kifaa chake cha kuchunguza anwani, inaweza kupewa kikomo cha wastani wa ping na cha asilimia zinazopotea, kwa hiyo huhitaji kuandika mengi. Kuhesabu zile alama mfululizo ndiyo kazi unayoiandikia skripti.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza: hakikisha ping inapita laini ya kwanza kweli, kwa kuwekea anwani ya majaribio njia yake maalumu. Wa pili unatokana na wa kwanza. Usitumie kwa majaribio anwani ambayo wateja wanaitumia kama DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Ukiifunga 8.8.8.8 kwenye laini ya kwanza, na kompyuta zote zinauliza majina huko, siku laini ya kwanza ikifa umezima duka zima, hata kama laini ya pili ni nzima. Mimi natumia 9.9.9.9 kwa kupimia, na DNS naiweka kwingine.

Sababu nyingine za laini ya pili kukaa nje, kwa haraka. Kizingiti kimeandikwa kwa biti wakati skripti inahesabu baiti. Mbps 10 ni MB 1.25 tu kwa sekunde, na kosa hilo linakuzidishia mara nane. Au skripti inatazama kinachotoka tu, wakati duka linashusha zaidi ya kupandisha. Kwenye Cisco za ISDN kosa hili lilikuwepo vilevile, unaiambia ruta itazame data inayotoka na mteja anashusha faili saa nzima bila njia ya pili kupigwa. Au Fasttrack haijazimwa. Hii huja ikiwa imewashwa kwenye setingi za kiwandani, na pakiti inazozipitisha njia ya mkato hazipiti kwenye kanuni zako za kugawa laini. Unaandika kanuni nzuri, hesabu yake haipandi, unadhani umekosea tahajia. Hujakosea.

"Laini mbili, kasi ya moja"

Mteja amesikia laini moja Mbps 10, nyingine Mbps 8, anategemea 18. Anashusha faili moja, anapata 10. Anakuita mwongo.

Mweleze kwa magunia. Ruta yako inagawa kwa gunia zima: hili lori la kwanza, lile lori la pili. Malori mawili yatabeba magunia mengi kwa siku, lakini gunia moja halifiki mapema kwa sababu kuna lori la pili barabarani. Faili moja kwa kawaida ni gunia moja. Watu wanne kwenye kompyuta nne ni magunia mengi, hapo ndipo utaona faida.

PPP ya viungo vingi ilifanya jingine. Ilifumua gunia, ikapakia nusu huku nusu kule, kila kipande na namba yake ya mfuatano, na upande wa pili likashonwa upya. Ndiyo maana kwenye ISDN faili moja iliweza kupata kbps 128 kamili. Lakini lazima kule mwisho awepo mshonaji anayezijua njia zote mbili, na kwenye ISDN alikuwepo, ni yuleyule mtoa huduma uliyempigia. Laini zako mbili za 4G ni za kampuni mbili. Hakuna kati yao anayemshonea mwenzake. MikroTik ina uwezo wa PPP ya viungo vingi, nimeona mafundi wakihangaika nayo wiki nzima juu ya modemu mbili za mitandao tofauti. Bila mshonaji upande wa pili hakuna kitakachotokea.

Ukitaka kweli gunia lishonwe, inabidi ukodi seva mahali penye mtandao mzuri, utengeneze handaki mbili kwenda huko, moja kwa kila laini, na seva iwe mshonaji. Inawezekana. Kwa steshenari sipendekezi, na si kwa sababu ya gharama peke yake. Mshonaji anasubiri kipande kilichochelewa. Laini moja ikiwa na ping 45 na nyingine 300, ya haraka inakaa inangoja ya polepole, na unaweza kupata kasi ndogo kuliko ungetumia laini moja. Ukijaribu kumwaga pakiti huku na huku bila mshonaji ndiyo mbaya zaidi: zinafika bila mpangilio, TCP, inayosimamia ufikaji wa pakiti, inadhani zimepotea, inapunguza mwendo yenyewe.

Na kabla ya yote hayo uliza swali la kishamba: laini zote mbili ni za mtandao mmoja? Kama ndiyo, na modemu ziko meza moja, zote zinachota kwenye mnara mmoja. Vikombe viwili, mtungi mmoja. Asubuhi utaona nafuu, jioni hutaiona.

"Inaingia, inatoka, inaingia, inatoka"

Hesabu ndogo ya ISDN inaonyesha ugonjwa huu vizuri kuliko maelezo yoyote. Njia moja ya kbps 64 imefika asilimia 80, yaani kama kbps 51. Njia ya pili inaongezwa, sasa uwezo ni 128. Zile 51 hazijaongezeka, lakini sasa ni asilimia 40. Kama ulisema "ikishuka chini ya 50, kata", inakatwa palepale. Inarudi 80. Inapigwa tena. Usiku kucha. Kwenye ISDN kila kuruka huko kulikuwa simu mpya kwenye bili. Kwenye 4G kila kuruka kunakata mtu aliyekuwa katikati ya kupakia cheti chake.

Kwa hiyo pengo kati ya kuingia na kutoka liwe kubwa kweli. Asilimia 75 na 10 za Windows zinaonekana kama ubadhirifu, lakini zilipigiwa hesabu.

Ukitumia ping kama nilivyoeleza, mtego unabadilika sura. Laini ya pili ikishaingia, ya kwanza inapumua, ping inashuka hadi 45, skripti inasema "kumbe mambo mazuri" na inaitoa ya pili. Dakika mbili baadaye tumerudi palepale. Ping inafaa kwa kuingiza tu. Kwa kutoa unahitaji kumbukumbu: laini ya pili inapoingia, skripti iandike laini ya kwanza ilikuwa inabeba kiasi gani wakati huo ilipozidiwa. Tuseme Mbps 4.6. Hiyo ndiyo asilimia 100 ya kweli ya saa hiyo, si ile 18 ya asubuhi. Kisha itoe pale jumla ya laini zote mbili inapokaa chini ya nusu ya hapo, Mbps 2.3, kwa dakika tano mfululizo. Tangu niandike hivyo pale dukani, laini ya pili inaingia mara mbili tatu kwa siku na kukaa hadi foleni iishe.

Jua pia kwamba kuingiza laini hakuwahamishi walioanza. Mawasiliano yaliyokwisha kufunguliwa yanabaki kwenye laini yaliyoanzia. Wapya ndio wanaogawanywa. Usiangalie baada ya sekunde tano ukasema haifanyi kazi. Mpe kijana wa kaunta afungue ukurasa mpya.

"Nimefunga duka na bando limeisha"

GB 4 ziliondoka kati ya saa mbili usiku na alfajiri, duka limefungwa, taa zimezimwa. Mama alishaanza kumtazama vibaya kijana wa kaunta.

Nilikaa siku moja baada ya kufunga, nikafungua Torch, kifaa cha MikroTik kinachoonyesha nani anaongea na nani. Haikuchukua dakika kumi. Kompyuta mbili hazikuzimwa, zilizimwa skrini tu, na zilikuwa zinashusha masasisho ya Windows. Na kulikuwa na simu moja ikipandisha picha na video kwenda hifadhi ya mtandaoni, nayo ilikuwa mpangaji wa nyuma, aliyepewa nywila ya Wi-Fi wakati wa msiba na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Masasisho na video zilielemea laini ya kwanza, ping ikapanda, ruta ikaona foleni, ikamwita mwenzake. Skripti ilitii amri. Haijui kutofautisha maombi ya mkopo na video za harusi.

Wa ISDN walilijua hili. Walilazimika kuiambia ruta ni trafiki ipi inastahili kushikilia simu na ipi haistahili, la sivyo matangazo ya kompyuta za Windows zikitafutana, au ruta zikipeana habari za njia, au saa zikijirekebisha, yalitosha kuiweka laini hewani siku nzima. Fanya vivyo hivyo. Laini ya pili iruhusiwe kwa kompyuta za kaunta tu, na iwe na saa zake: saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwenye Windows, iwekee muunganisho huo alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, masasisho makubwa yatangoja. Nywila ya Wi-Fi ibadilishwe, na mpangaji awekewe mtandao wa wageni wenye kikomo. Nilimwambia mama amwombe radhi kijana. Alimnunulia soda.

"Ruta inasema laini nzima, lakini hakuna kinachofunguka"

Bando limeisha, ruta haijui. Inatuma nusu ya wateja kwenye shimo. Nusu wanafungua vizuri, nusu hapana, na ukibonyeza tena labda inafunguka. Hii dalili ya "labda" ndiyo itakayokuambia.

Sababu: ruta inakagua lango kwa ping, na lango lake ni modemu iliyo mezani, nusu mita kutoka hapo. Modemu itajibu hata mnara ukianguka. Inabidi ruta ikague kitu kilicho mbali, kupitia laini hiyo:

/ip route add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.8.1 scope=10
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 target-scope=11 distance=1 check-gateway=ping

Mstari wa kwanza unasema 9.9.9.9 inafikiwa kwa modemu hii. Wa pili unaifanya 9.9.9.9 yenyewe kuwa lango, hivyo ikiacha kujibu, njia inaondolewa. Ruta hupima kila sekunde 10 na inahitaji kukosa majibu mawili. Kwa kuwa sasa laini ya kwanza imechukua 9.9.9.9, laini ya pili itafutie anwani nyingine.

Ukiandika hiyo 192.168.8.1 simama kidogo. Modemu nyingi za Huawei huja na anwani hiyohiyo kiwandani. Ukinunua mbili zinazofanana, ukazichomeka zote, ruta ina milango miwili yenye jina moja na itapeleka vitu inavyojua yenyewe. Badilisha moja iwe 192.168.9.1 kabla ya kuiunganisha. Nimeona hili likipoteza siku mbili za fundi mzuri, naye ni mimi.

"Mfumo unanitoa nje kila nikibonyeza"

Mteja anaingia kwenye tovuti ya benki au ya serikali, anajaza ukurasa wa kwanza, wa pili unamrudisha kwenye kuingia. Ruta inagawa kila mawasiliano upya, ukurasa wa kwanza umetoka na anwani ya laini A, wa pili na ya laini B. Mfumo unaona mtu yuleyule ametokea nyumba mbili na unamfungia mlango.

Gawa kwa anwani ya mtumiaji, au kwa anwani zote mbili za mtumaji na mpokeaji, usihusishe namba za bandari, zile zinazotenganisha mawasiliano ya kompyuta moja. Ukihusisha bandari mgawanyo unapendeza kwenye grafu, lakini wateja wanalia. Kwa duka la kompyuta nne, kugawa kwa anwani ya mtumiaji peke yake kunatosha: kompyuta mbili huku, mbili kule.

Ping inajibu, majina hayafunguki

Unatumia DNS ya mtandao mmoja, na swali limetokea kwenye mtandao mwingine, linakataliwa. Weka DNS ya wazi kwenye ruta, zuia ile inayoletwa na modemu. Basi.

Kama kifaa chako ni cha ISDN kweli

Wanafunzi bado wanakutana nazo maabara, na kuna kabati moja Tabora, ofisi sitaitaja, lenye ruta ya namna hiyo chini ya vumbi. Njia ya pili ikipigwa lakini kasi ibaki kbps 64, tazama kama ncha zote mbili zimekubali viungo vingi, na kama njia zote mbili zinaingia kwa jina moja la mtumiaji. Majina yakitofautiana, upande wa pili unaona wageni wawili, unawapa vyumba viwili. Njia ya pili ikikataliwa kwa sababu namba 17, upande wa pili uko bize. Namba 34, hakuna njia iliyo wazi, na mara nyingi ni mtu ameinua simu ya mezani inayotumia laini hiyohiyo. Na kama seva imewekwa ikupigie wewe badala ya wewe kuipiga, kumbuka kwenye Windows inahifadhi namba moja tu ya kukupigia: njia zako mbili zikiwa na namba tofauti, itarudi moja.

"Laini ya pili inakatika kila baada ya muda, bila mpangilio"

Niliiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo niliyoigundua mwisho. Skripti imeandikwa upya, foleni inakwenda, na bado mara kadhaa kwa siku modemu ya pili inazima na kuwaka. Ilikuwa ya USB, imechomekwa moja kwa moja kwenye ruta. Mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampia 500, na modemu inaponguruma kuufikia mnara wa mbali inaweza kutaka zaidi. Nikaiwekea habu yenye umeme wake. Ikapungua, haikuisha.

Nikakaa nayo mchana mzima. Kimya, kimya, halafu nyuma yangu friji la soda likaguna na kuanza kunguruma, na taa ya modemu ikazima. Dakika ishirini baadaye friji likaguna tena. Ekstensheni moja ilikuwa imebeba friji, fotokopi, ruta na ile habu mpya niliyojisifia.

Mama alikuwa anahesabu chenji. "Fundi, nilikuwa nafikiria, tungeongeza na laini ya tatu?"

Nikamwambia tuanze kwa kuhamisha friji.